Pikapu yangu haikuwa mbovu, ilikuwa imedanganywa

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unataka dabo kebini ya dizeli iliyotumika, yaani pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma, katikati ya wiki ipeleke pembejeo shambani, Jumapili ibebe familia. Shemeji, yaani mkeo, amepanda ya jirani akashuka ameshika kiuno, sasa hataki kusikia habari za pikapu. Na fundi wako anakutuliza kwamba ukishanunua atatoa pleti mbili za springi kila upande nyuma, "iwe laini kama Noah". Hapo kwenye pleti mbili ndipo nilipoacha chai ikapoa.

Mimi niko Njombe na pikapu ya namna hiyo ninayo mwaka wa tisa huu. Imebeba viazi, mbolea, saruji, imebeba na watu wa msiba. Chapa sitaitaja, maana nikiitaja tu uzi unageuka Simba na Yanga, na swali lako linazikwa ukurasa wa pili. Isitoshe, mengi nitakayosimulia hayakutoka kiwandani. Niliyaleta mwenyewe, mimi na mafundi niliowaamini kabla hawajainama kuchungulia chini ya gari.

Tuanze na huko kurusha. Pikapu za tani moja nyingi, mbele kila tairi linacheza kivyake, kwa koili au kwa nondo kwenye zile za zamani. Nyuma ni ekseli moja ngumu iliyofungwa kwenye springi za pleti. Pleti hizo zimepigiwa hesabu ya gari lililobeba. Gari likiwa tupu hakuna cha kuzikunja, kwa hiyo kila tuta linapanda mzimamzima mpaka kwenye kiti. Pakia magunia manne ya mbolea, kilo 200 tu, kisha pita barabara ileile: utadhani umeazimwa gari la mtu mwingine. Ukiitazama springi ubavuni utaona pleti ndefu za juu, halafu chini kabisa moja au mbili nene zilizonyooka ambazo hazigusani vizuri na wenzake. Hizo zinasubiri mzigo. Zikiguswa, ndipo gari linapoanza kubeba kweli.

Na usidhani waundaji hawajui kutengeneza laini. Nissan Navara za kizazi kile cha 2014, zipo dabo kebini zenye koili nyuma. Ford Ranger Raptor iliyotoka 2018 nayo ina koili, na walioiendesha wanaisifu kwa ulaini. Lakini Ranger za kawaida zenye injini kubwa zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, Raptor ile ikaishia 2,500, na mzigo wa kubeba nao ukapungua. Ulaini ule ulilipiwa. Wewe ukitoa pleti mbili gereji utalipa vilevile, ila bei hutaandikiwa popote.

Sasa niseme vilivyonisaidia mimi kabla ya kugusa springi yenyewe.

Cha kwanza ni upepo, na naona aibu kusema kilinichukua mwaka mzima kugundua. Nililinunua gari likiwa na tairi za lori dogo, ukutani ngumu kama ubao. Kila nikipita kwa kijana wa pancha ananijazia PSI 50 zote nne, "si pikapu hii, bosi". Siku moja naosha gari, nikafuta vumbi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya kitasa, nikakuta kikaratasi kimebandikwa. Langu linasema 29 mbele. Nyuma 29 likiwa tupu, 42 likiwa na mzigo kamili. Mwaka mzima nimewapiga watoto mgongo kwa upepo wa bure. Nilishusha upepo jioni ileile, na mama watoto akauliza nimetengeneza nini. Nilinunua kipimo changu, kinakaa kwenye dashibodi. Nikipakia najaza nyuma, nikishusha mzigo napunguza. Ni kero, sikatai, lakini ni kero ya dakika tano.

Cha pili shokapu. Za kwangu zilikuwa zimekufa zote mbili za nyuma na hazikuwa zinavuja hata tone, kwa hiyo kila fundi alizipita. Shokapu iliyokufa haifanyi gari kuwa gumu tu. Inaliacha lidunde mara tatu nne baada ya tuta moja, na kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo nyuma inaanza kutembea pembeni yenyewe. Ukisikia makalio ya gari yanakuaga kwenye kona ya changarawe wakati wewe unakwenda 50 tu, usilaumu barabara peke yake.

Kuna pia bushi za shakeli, yaani mipira ya kile kishikio kinachoning'iniza ncha ya springi, na vile vikofia vidogo vya plastiki kwenye ncha za pleti. Vikilika, chuma kinasuguana na chuma, na gari linalia kama kitanda cha chaga. Watu wanamwagia oili chafu, linanyamaza siku mbili, kisha oili inakamata mchanga na pleti zinasagana vibaya zaidi. Mimi nilifungua springi nzima, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaweka vikofia vipya. Kazi ya siku moja, na kelele haijarudi miaka minne.

Hayo ndiyo niliyoyafanya vizuri. Sasa nikwambie nililoharibu, kwa sababu ni upande wa pili wa shilingi hiyohiyo anayotaka kukupa fundi wako. Wewe anataka kukutolea pleti. Mimi niliongeza.

Mwaka wa tatu biashara ya viazi ilichanganya. Nilikuwa napeleka Morogoro mwenyewe badala ya kuuzia wenye malori shambani. Magunia ya lumbesa unayajua, yale yenye kilemba. Moja nililiweka kwenye mzani likasoma kilo 134. Magunia manane yanapita tani, na hapo hujajihesabu wewe, utingo, kanopi ya kufunika bodi na ngao ya chuma ya mbele. Watu wengi wanasikia "tani moja" wakadhani ni tani ya viazi. Dabo kebini nyingine hazifiki hata hapo, na uzito ule unamhesabu mpaka anayesinzia kiti cha nyuma. Gari langu likipakiwa linakaa kama mbwa anayeomba chakula, pua juu, taa zinamulika miti. Gereji moja wakanishauri tuongeze pleti mbili kila upande, za gari kubwa zaidi, zilizotumika. Tukafunga. Gari likainuka nyuma kama vidole vinne likiwa tupu, na likipakiwa linakaa sawa kabisa. Nilifurahi sana. Nikapiga na picha.

Wiki ya kwanza tu likaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, gia ya kwanza na ya pili, kama mtu anatikisa sakafu kwa goti. Nikabadilisha krosi, vile viungo vya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini ekseli ya nyuma. Likaendelea. Nikabadilisha beringi ya katikati. Likapungua kidogo likarudi. Hilo nikalizoea.

La pili sikulizoea. Unateremka Kitonga kutoka Iringa, wanaopajua wanapajua: kona, malori ya mizigo yanatambaa, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Niko gia ya tatu, nyuma tani na ushee ya viazi. Katikati ya mteremko nikasikia harufu, ile ya breki kuungua. Nikadhani ni lori la mbele. Kona mbili mbele pedeli ikaanza kuwa laini. Sio kwamba iliisha. Nakanyaga, inashuka chini zaidi ya jana yake, na gari linainama pua lakini halipungui kwa kadiri ninavyokanyaga. Nikarudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikakuta sehemu ya kuegesha nikasimama. Magurudumu ya mbele hayashikiki kwa joto, yanatoa moshi. Ya nyuma nikaweka kiganja kwenye rimu. Vuguvugu.

Nikwambie ukweli, kile kiganja kilikuwa na jibu lote na sikulisoma. Nilisubiri saa nzima, nikateremka kwa gia ya kwanza kama konokono, nikaanza safari ya magereji. Pedi mpya za mbele. Masta silinda mpya. Kutoa upepo kwenye breki mara tatu. Mmoja akasema ni servo, ile inayoongezea nguvu mguu wako kwenye breki, tukaweka ya mtumba. Kila anayefungua ngoma za nyuma ananiambia hongera, shuu zako ziko kama zimetoka dukani leo. Pedi za mbele nilibadilisha mara tatu kwa mwaka mmoja, shuu za nyuma hazikuisha hata milimita moja, na sisi sote tukaiona hiyo kuwa bahati.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Mafinga, fundi wa malori ya mbao, hata gereji yake haina geti. Nilisimama kwake kwa ajili ya jambo lingine. Nilipomsimulia, hakugusa boneti. Aliuliza, "Mbele umebadili mara ngapi? Na nyuma?" Nikamjibu. Akatandika gunia, akaingia chini upande wa nyuma, akaniita, "Njoo ulale hapa, baba."

Akanionesha kitu ambacho nimelala chini ya gari lile mara mia sijawahi kukitazama. Juu ya ekseli ya nyuma, kuna fimbo nyembamba ya chuma kama ya mwavuli, ncha moja imeshikwa kwenye ekseli, nyingine inaingia kwenye kivalvu kilichofungwa kwenye chesisi, na paipu za breki za nyuma zinapita humo. Gari likibeba, bodi inashuka kuikaribia ekseli, fimbo inasukumwa, valvu inafungua, breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu bodi inakaa juu, fimbo inalegea, valvu inabana, ili tairi za nyuma zisizokuwa na uzito zisijifunge na kukuzungusha kwenye lami yenye mvua. Basi mimi niliponyanyua bodi vidole vinne, na nikaweka pleti zisizokubali kushuka hata nikipakia tani, ile fimbo ilikuwa inaapa kwamba gari ni tupu. Mzee akaisukuma juu na chini kwa kidole gumba. "Gari lako halina ugonjwa," akasema. "Limedanganywa."

Nilitoa pleti zile siku ileile. Fimbo tukairekebisha urefu wake, mzee akaenda kujaribu kwenye changarawe, mara tupu, mara na magunia ya mchanga, mpaka akaridhika. Na ule mtetemeko wa kuondoka? Ulikwisha palepale, bila kununua chochote. Propela ndefu ya vipande viwili ina pembe zake. Ukiinua mkia pembe zinapotoka, na krosi mpya hata za dhahabu hazitakusaidia. Krosi na beringi nilizobadilisha zilikuwa nzima.

Tangu hapo napakia lumbesa sita basi, zinazobaki namwachia mwenye Fuso. Faida ilipungua kidogo, pedi za mbele zikaanza kumaliza mwaka na zaidi.

Sasa geuza hadithi hiyo kwa upande wako. Ukitoa pleti mbili, bodi inashuka. Fimbo inaapa gari limebeba wakati ni tupu, na siku ya mvua ukikanyaga ghafla mkia unakuja mbele kukusalimia. Kwenye magari mapya mengi kifimbo hicho hakipo, kompyuta ya ABS ndiyo inayogawa breki, kwa hiyo gari utakalonunua huenda likasalimika na hilo. Halitasalimika na mengine. Nina rafiki Makambako alitolewa pleti kwa sababu hizohizo zako, za mama na kiuno. Miezi miwili lilikuwa tamu. Kisha akabeba saruji mifuko 16, pleti zilizobaki zikapinda kinyume, na kwenye daraja dogo ile senta bolti inayoshikilia pleti pamoja ikakatika. Ekseli ikateleza nyuma upande mmoja. Alirudi mjini gari linakwenda upande kama kaa, watu wanampigia honi, yeye anadhani wanamsalimu. Na pleti zikiwa chache, kila ukiondoka kwa nguvu ekseli inajaribu kujiviringisha, unasikia "dugu" chini. Ukipenda ulaini tafuta springi kamili iliyotengenezwa kwa mzigo mwepesi zaidi kwa gari lako hilohilo, wapo wanaouza. Kupunguza pleti kwa macho ni kama kupunguza dozi kwa kuonja.

Mengine nitayapitia haraka. Fowili, yaani kuendesha tairi zote nne zikivuta, kwa pikapu nyingi si ya lami. Shemeji yangu aliliazima kwenda Makete wakati wa matope, akarudi Njombe lami yote bado fowili imeingia. Aliniambia usukani umekuwa mzito na kwenye kona za kuegesha gari linagoma, linaruka kama linavuka kamba. Mbele na nyuma zimefungwa pamoja, kwenye kona tairi hazitembei umbali mmoja, na lami haitelezi kuwaachia nafasi. Sikuvunjikiwa kitu, ila mtu mwingine angevunjikiwa. Na pia usiache fowili ilale miezi sita bila kuguswa. Mara moja kwa mwezi ingiza kwenye vumbi, utembee kidogo, vitu vipate mafuta.

Dizeli: filta ina mahali pa kutolea maji chini. Ile taa ya filta ikiwaka usiende nayo mpaka mwisho wa wiki. Nozeli za injini za kisasa hazina msamaha, maji kidogo tu yanatosha. Mimi nafungua kila ninapobadilisha oili hata kama taa haijawaka, nakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa, naiacha itulie. Maji yakiwepo utayaona yamekaa chini.

Kupanda joto: kabla hujaambiwa gasketi ya hedi, tazama kati ya kondensa ya eisii na rejeta. Langu lilijaa matope makavu na mbawa za wadudu, kutoka mbele huoni kitu. Lilipigwa maji kwa mpira kutokea upande wa injini kuelekea nje, taratibu, bila ile mashine ya presha inayopinda mapezi, na joto likashuka.

Vumbi: ukifunga kanopi usishangae mzigo ukiwa mwekundu. Gari likienda linaacha uwazi wa hewa nyuma yake, na vumbi linanyonywa kupitia pembeni ya mlango wa bodi. Nilizungushia mpira wa mlango wa friji la zamani, na kidirisha cha mbele cha kanopi nakiacha wazi kidogo ili hewa isukume kutoka ndani. Nguo za harusi zimefika safi Ludewa kwa njia hiyo.

Umesema Jumamosi unakwenda kuliona gari. Nenda na futi na tochi. Liegeshwe pasawa, tupu, upime kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi ukingo wa matao ya bodi, kulia na kushoto. Zikipishana zaidi ya upana wa kidole, uliza kwa nini. Hesabu pleti pande zote mbili. Ukikuta moja ina rangi au upana tofauti na wenzake, kuna mtu aliwahi kupata wazo kama langu. Lala chini utafute kifimbo. Ukikikuta kimefungwa kwa waya, na nimekuta magari mawili hivyo, basi mwenye gari alichoka kutafuta ugonjwa akaamua kuufunga kamba. Pitisha kidole juu ya chesisi pale nyuma ya kebini linapoanzia bodi, ukitafuta ufa uliochomelewa na kupakwa rangi nyeusi mbichi. Halafu omba magunia mawili ya chochote, uyaweke juu ya ekseli, ndipo uliendeshe. Gari tupu litakwambia habari nusu.

Na kuhusu shemeji: mwache akae nyuma dakika ishirini kabla hujalipa, asikae mbele. Kiti cha nyuma cha dabo kebini mgongo wake umesimama wima kwa sababu ukuta wa kebini uko palepale, na hilo hakuna shokapu wala upepo unaolitibu. Mwanangu mdogo alitapika kila safari mpaka nilipochongesha godoro la kiti lenye mwinuko mbele ya mapaja. Sasa hatapiki. Mama yake mpaka leo tukienda Songea anapanda basi, mimi namfuata na mizigo.